Imani Ikizidi, Deni la Nyumbani Nalo Huzidi

Si ajabu siku hizi kumsikia Mkatoliki akisifiwa na wenzake kwamba ameiva kiimani. Ukiuliza dalili za kuiva kwenyewe, utatajiwa mambo yanayoonekana kwa macho: hakosi Misa ya asubuhi, ana sare ya chama cha kina mama au cha kina baba, amehiji Subukia mara kadhaa na Namugongo mara moja, anaijua rozari pamoja na litania yake bila kitabu, na kwenye mikesha yeye ndiye mwenye kuanzisha wimbo. Ni mambo mema yote hayo, wala sina nia ya kuyadunisha. Hata hivyo mimi ni mwalimu, na ada ya mwalimu ni kutotosheka na jibu la mwanafunzi kabla ya kujua amelipataje. Ndiyo maana nikiambiwa fulani ameiva, hutamani kumwendea mkewe, au mumewe, au yule kijana wake wa kidato cha pili aliyeketi kimya pembeni, nimwulize: je, tangu mzee aanze kuiva, kumebadilika nini kwenu?

Rai yangu, ambayo najua itawaudhi baadhi ya wasomaji, ni kwamba imani ya Kikatoliki ikikua kwelikweli ndani ya mtu humwongezea madeni kwa watu wa nyumbani mwake. Haimpunguzii hata moja. Anayedhani kwamba kumkaribia Mungu kumempa ruhusa ya kukaa mbali na mkewe, na watoto wake, na wazazi wake wakongwe, au na yule ndugu yake mlevi, amebadilisha tu mahali pa kupitishia jioni zake.

Waama, jambo hili si geni katika Maandiko. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko tunasimuliwa habari za watu waliokuwa wakitangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka iliyowekwa wakfu kwa Mungu, kisha wakawaambia wazazi wao kwamba hawana tena cha kuwasaidia nacho. Kisheria walikuwa wamejikinga. Yesu aliwakaripia hadharani kwa kuitangua amri ya Mungu kwa kisingizio cha Mungu mwenyewe. Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya zaka na matoleo, lakini yaliyoigusa Korbani naweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wala Kanisa lenyewe halijanyamaza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1964 kuhusu Kanisa, uliiita familia Kanisa la nyumbani. Yohane Paulo wa Pili akalirudia jambo hilo kwa mapana katika waraka wake wa 1981 juu ya familia ya Kikristo. Maaskofu wa Afrika walipokutana Roma katika Sinodi ya 1994, picha waliyoichagua kulieleza Kanisa barani humu ilikuwa ile ya Familia ya Mungu, nayo ikatiwa muhuri na Baba Mtakatifu katika waraka wa 1995 uitwao Ecclesia in Africa. Walifanya vyema, kwa maana Mwafrika huielewa familia kabla hajaelewa kitu kingine chochote. Walakini picha hiyo ina makali pande mbili. Ikiwa Kanisa ni familia, basi mtoto atalielewa Kanisa kwa kuitazama familia anayoijua, nayo ni ile anamokaa. Baba akiwa ni mtu wa kuogopwa kwa kishindo cha viatu vyake, tutamwambiaje mtoto huyo kwamba Mungu ni Baba, naye afurahi?

Na tuanze na sisi walimu, maana mkuki kwa nguruwe. Kila parokia ina mwalimu wake. Yeye ndiye mwenyekiti wa Jumuiya, karani wa kamati ya ujenzi, kiongozi wa kwaya na mfasiri wa padre mgeni. Anatoka shuleni saa kumi na moja, anapitia kanisani kwa mazoezi, anafika kwake saa tatu usiku, na kuwakuta watoto wamelala. Jumamosi kuna semina, Jumapili kuna Misa mbili na mkutano. Mkewe, ambaye pengine naye ni mwalimu, ndiye anayejua kwamba mtoto wa mwisho ameshindwa kusoma herufi, kwamba paa la jikoni linavuja, na kwamba mama mkwe ameacha kumeza dawa za shinikizo la damu. Mume akiambiwa hujibu kwamba yumo katika kazi ya Bwana. Madaftari ya darasa la saba nayo yamekaa wiki mbili mezani bila kusahihishwa. Kama kazi ya Bwana ingekuwa na mkaguzi, sijui ripoti yake ingesemaje.

Wanafunzi nao wana yao. Shule za bweni, hasa zile zilizoanzishwa na wamisionari, zimekuwa mahali pa kuamshia imani ya vijana wengi. Humo mwanafunzi hujiunga na chama cha Wanafunzi Vijana Wakristo, hujifunza kusali asubuhi na jioni, hufunga Ijumaa za Kwaresima, na hupokea Kipaimara. Kisha likizo hufika. Kijana anarejea kijijini akiwa na rozari shingoni na kumkuta baba yake akinywa pombe, mama yake akibishana na jirani juu ya kuku, na nyanya yake akimwaga maziwa kidogo chini kabla ya kunywa. Anaanza kuhukumu. Hali chakula mpaka wote wasimame kwa sala, huzima redio bila kuomba, na nyanya yake humwita mshirikina mbele ya wageni. Wazazi huona kwamba wamepeleka mtoto shuleni na kurudishiwa askari. Mimi siwalaumu vijana hawa sana, kwa sababu moto mpya hutoa moshi mwingi. Ila ningependa wamjue mwanamke mmoja aliyeishi katika bara letu hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Kila mwalimu amewahi kuwa na Monica katika darasa lake, lakini sijui ni Monica wangapi wanaofahamu kwamba somo wao alikuwa Mwafrika wa Kaskazini. Mtakatifu Monika aliishi Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras nchini Algeria. Aliozwa kwa Patrisi, mtu mpagani, mkarimu kwa upande mmoja na mwenye hasira za karibu kwa upande wa pili, tena asiyekuwa mwaminifu katika ndoa yake. Tunayajua haya kwa sababu mwana wao Agostino aliyaandika katika kitabu chake cha Maungamo. Monika hakumhubiria mumewe kwa maneno mengi. Alingoja hasira zitulie, kisha akamweleza kwa upole pale alipokosea. Mama mkwe wake alipotiwa maneno na watumishi wa nyumba na kumchukia, alimshinda kwa heshima na uvumilivu hata mama mkwe mwenyewe akawafichua wale waliokuwa wakichochea. Patrisi alikuja kuwa Mkristo karibu na mwisho wa maisha yake. Agostino alichukua muda mrefu zaidi: alibatizwa na Askofu Ambrosi mjini Milano usiku wa Pasaka ya mwaka wa 387, na mama yake akafariki mwaka uo huo huko Ostia, njiani kurudi Afrika.

Nisieleweke vibaya hapa. Wapo wanaoutumia mfano wa Monika kumwambia mke anayepigwa arudi akavumilie. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1153, humruhusu mwenzi kuondoka ikiwa yule mwingine anamhatarisha vikali yeye au watoto, kimwili au kiroho. Mzee wa Jumuiya anayemrudisha mama aliyevunjwa mkono kwa mume wake bila ulinzi wowote hajafanya upatanisho, na katekista anayemuunga mkono hajasoma vizuri.

Lakini kinachonivutia zaidi kwa Monika ni kisa kimoja kidogo ambacho watu hukiruka. Huko Afrika alikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, kama walivyofanya Wakristo wengi wa nchi yake. Alipofika Milano na kikapu chake, bawabu alimzuia mlangoni na kumwambia kwamba Askofu Ambrosi amekataza: walevi walikuwa wakipata nafasi ya kunywa, tena sherehe zenyewe zilifanana mno na zile walizowafanyia wafu wao wapagani. Monika hakuzozana. Akaacha. Badala ya kikapu cha chakula akaja na moyo wa sala, na kile alichokuwa akikipeleka makaburini akawapa maskini. Nampenda kwa hilo, kwa sababu hakuibeza desturi aliyolelewa nayo, wala hakuwatukana waliobaki nayo. Chakula kilichokuwa kimekusudiwa wafu kilifika vinywani mwa walio hai. Kijana anayerudi kutoka bweni na kumkemea nyanya yake anaweza kulitafakari hilo wakati akimsaidia kukamua hao ng'ombe.

Sasa niingie katika jambo zito zaidi, ambalo katika nyumba nyingi za nchi hii bado ni donda.

Baba yangu mkubwa, ambaye ni marehemu sasa, alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza alibatizwa mapema, naye mzee alikuwa akimsindikiza mpaka kwenye kigango kila Jumapili, kisha akaketi nje chini ya mti kungojea Misa iishe. Ilipita miaka mingi hivyo. Uzeeni akaanza kuingia ndani na kukaa kwenye benchi la nyuma. Halafu siku moja akamwendea katekista kuomba kuandikwa miongoni mwa wakatekumeni. Katekista akamweleza yale ambayo mzee alikuwa akiyajua tangu zamani: hawezi kubatizwa akiwa na wake wawili.

Nakumbuka kelele zilizozuka. Ndugu zake walimwona amerukwa na akili. Upande wa pili kulikuwa na waumini waliomshauri haraka haraka kwamba mke wa pili arudishwe kwao pamoja na watoto wake watatu, na mambo yaishe kabla ya Pasaka. Walisema jambo hilo kana kwamba wanazungumza juu ya kuhamisha kabati. Mzee aliwajibu kwa sentensi moja: "Mimi ndiye niliyemtoa kwao, hakutolewa na shetani."

Hapo mzee, ambaye hakuwa na kisomo, alikuwa karibu na sheria ya Kanisa kuliko washauri wake. Kanuni ya 1148, inayomhusu mtu mwenye wake kadhaa anayekuja kubatizwa, humtaka abaki na mmoja tu. Lakini fungu lake la tatu humtaka askofu ahakikishe kwamba wale wanaoachwa wametimiziwa mahitaji yao ya kutosha, kwa haki, kwa upendo wa Kikristo na kwa utu. Fungu hilo la tatu aghalabu husahaulika. Tena, tukumbuke kwamba dola ina neno lake: Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za kimila, nazo huweza kuwa za wake wengi. Kwa hiyo mwanamke ambaye Kanisa linamwambia mumewe asilale kwake tena, nchi inaendelea kumtambua kuwa mke wa mtu.

Mzee hakubatizwa Pasaka ile wala iliyofuata. Aliwaita wazee wa ukoo na katekista, shamba likapimwa, na sehemu ya mke wa pili ikaandikwa kwa jina lake hadi hatimiliki ikatoka. Karo ya wale watoto watatu iliendelea kulipwa mpaka wa mwisho akamaliza chuo. Mzee aliacha kulala kule, lakini alikuwa akienda mchana, akakaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe na za mitihani. Na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba aliyekuwa akimkumbusha tarehe ya kufunguliwa shule za watoto hao alikuwa mke wa kwanza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hasemi na mke mwenzake ila kwa kupitia watoto.

Je, mambo yalikuwa mazuri? Mke wa pili aliwahi kumwambia mbele yetu sote: "Mungu wako amenifanya mjane, na mume wangu ndiye huyo anakunywa chai yangu." Mzee aliinamisha kichwa. Hakuna aliyethubutu kusema neno. Hadi leo sina jibu la kumpa mama yule, na sidhani kama yupo mwanatheolojia anayeweza kumjibu kwa sentensi moja. Mafundisho ya Kanisa kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja nayakubali kwa moyo wote. Ila nayakubali nikijua ni nani aliyelipa sehemu kubwa ya gharama, na kwamba hakuulizwa. Ninachoweza kushuhudia ni hiki: mzee yule, baada ya kuamini, alikuwa na madeni mengi kuliko kabla hajaamini, na aliyalipa moja baada ya jingine huku akizeeka. Wanaoharakisha watu kwenye kisima cha ubatizo huku wakiacha mama na watoto barabarani wanaidhalilisha sakramenti yenyewe.

Habari za fedha nitazipitia upesi, maana kila mtu anazijua. Mwenye kutoa mchango mnono kwenye harambee ya kanisa ilhali binti yake amefukuzwa shule kwa karo anarudia ile Korbani niliyoitaja, hata kama jina lake litasomwa madhabahuni. Jambo la pili linalokaribiana na hilo ni Kitubio. Baadhi yetu tumeigeuza sakramenti hiyo kuwa mahali pa kuoshea mikono. Mtu humtukana mkewe Jumatano, huungama Jumamosi, hupokea Komunyo Jumapili, na mke hajasikia hata neno moja la kuombwa radhi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, inafundisha kwamba ondoleo la dhambi haliondoi wajibu wa kurekebisha madhara: kilichoibwa kirudishwe, na aliyechafuliwa jina asafishwe. Padre hawezi kuomba radhi kwa niaba yako jikoni kwako.

Pengine msomaji atasema kwamba nazungumzia mambo makubwa ya wake na mashamba, na yeye nyumbani kwake hakuna ila mikwaruzo ya kila siku. Basi nimpe mfano wa mikwaruzo. Mji wa Alençon nchini Ufaransa ulikuwa na mume na mke, Louis na Zélie Martin. Mume alikuwa fundi wa saa. Mke alikuwa na biashara ya kutengeneza lasi, na biashara hiyo ilipopanuka, mume aliuza duka lake mnamo 1870 ili amsaidie mkewe. Nawaomba wanaume wenzangu wasome sentensi hiyo mara mbili. Walizaa watoto tisa, wanne wakafa wangali wadogo, na Zélie mwenyewe akafa kwa saratani ya matiti mwaka wa 1877. Mtoto wa mwisho, Teresa, alikuwa na miaka minne. Msiba huo ulimwacha akiwa mtoto wa kulia ovyo. Akiguswa kidogo analia, akimaliza analia kwa sababu alilia.

Usiku wa Krismasi ya 1886, Teresa akiwa karibu kutimiza miaka 14, walirudi nyumbani kutoka Misa ya usiku wa manane mjini Lisieux. Desturi yao ilikuwa kuweka viatu vya watoto karibu na mahali pa moto na kuvijaza zawadi. Baba alikuwa amechoka, na Teresa akiwa anapanda ngazi akamsikia akisema kwa kero kwamba, heri, huu ndio mwaka wa mwisho wa mambo haya ya kitoto. Dada yake Céline aliona machozi yakimlengalenga, akamsihi asishuke kwanza. Teresa akayameza machozi, akashuka, akachukua viatu vyake, akafungua zawadi moja moja mbele ya baba kwa furaha hadi mzee mwenyewe akaanza kucheka. Hakuna zaidi ya hapo. Hakutokewa na malaika wala hakusikia sauti. Binti alisikia neno lililomchoma kutoka kwa mzazi aliyechoka, akaamua kumstahi. Lakini Teresa mwenyewe aliuita usiku huo usiku wa kuongoka kwake, ingawa alikuwa amebatizwa tangu utotoni na alikuwa msichana wa sala siku zote. Mwaka wa 1997 Kanisa lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa, na wazazi wake wakatangazwa watakatifu pamoja, kama mume na mke, tarehe 18 Oktoba 2015.

Nasikia pingamizi, nalo ni zito: je, si Yesu huyo huyo aliyesema kwamba anayempenda baba au mama kuliko yeye hamstahili? Ndiyo. Na imani hugawanya nyumba wakati mwingine, tena bila kosa la anayeamini. Miezi michache kabla ya Krismasi ile ya Lisieux, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Uganda walichomwa moto Namugongo. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa amelelewa kama mwana na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Mukajanga alimsihi aikane imani yake, au angalau akubali kufichwa. Mbaga alikataa. Mzee hakustahimili kuona kijana wake akiungua akiwa hai, akaagiza apigwe rungu kwanza. Sijui kisa cha kifamilia kinachouma kuliko hicho. Na sisi tunayo madogo yanayofanana nacho: binti anayetaka kuingia utawani wakati baba amekwisha kuhesabu mahari, kijana anayekataa kutoa hongo ya kazi iliyotafutwa kwa jasho la mjomba wake. Hao wana haki ya kusema hapana, na wazazi Wakatoliki wanaowazuia wanapaswa kujitazama.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Mbaga alikataa kumkana Kristo. Hakukataa kufua nguo, kulea mgonjwa, kulipa karo wala kuwahi nyumbani. Wengi wetu tunaotaja ule mstari wa Injili hatujawekwa na jamaa zetu mbele ya uamuzi wa aina ile hata siku moja. Tumeombwa tu tuwe nyumbani saa ya chakula cha jioni.

Ningependa parokia zetu zilifanyie kazi jambo hili kwa namna ya kawaida kabisa. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza Kanisa la Mungu. Basi mtu anapopendekezwa kuwa kiongozi, Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, zina nafasi nzuri ya kujua ukweli kwa kuwa husali nyumba kwa nyumba. Zimwulize mkewe au mumewe kama anaridhia, na jibu lake lihesabiwe. Mazoezi ya kwaya yakome kabla ya giza. Semina za walei zisipangwe wikendi zote nne za mwezi. Nako shuleni, walezi wa vyama vya wanafunzi watumie kikao cha mwisho wa muhula kuzungumzia likizo: nani ataamka kuchota maji, nani atakaa na babu asiyeona.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza katika kikao kama hicho afanyeje akifika nyumbani na kumkuta baba yake amelala sebuleni amelewa, kama ilivyo kawaida yake. Nilimwuliza kwanza kama mzee ni mtu wa kupiga. Akasema la, hulia tu na kulala. Nikamwambia amvue viatu, amfunike blanketi, kisha asali rozari yake kwa sauti ya chini asije akamwamsha. Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka pia. Muhula uliofuata hakunieleza ilivyokuwa, nami sikumwuliza.